Masatiri, Wafuasi Walevi wa Dionysos: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kusoma visasili vya Wagiriki huwajua kwanza Zeus na Hera. Halafu siku moja anakutana na picha ya kiumbe mwenye masikio ya mnyama na kiriba cha mvinyo begani, anamkimbiza mtu msituni, na hapo maswali huanza. Haya ndiyo yanayorudi tena na tena. Mengine yanajibika kwa mistari miwili, mengine hayajibiki bila kusimulia kisa kizima.

Satiri ni nani hasa?

Ni kiumbe wa kiume wa misituni na milimani, nusu mtu nusu mnyama, anayemfuata Dionysos, mungu wa mvinyo, wa wazimu mtakatifu na wa maigizo ya jukwaani. Masatiri hutembea kwa makundi. Wanakamua zabibu, wanapuliza zumari, wanacheza, wanalewa, na wanawakimbiza nimfa, wale mabinti wa chemchemi na miti, ambao mara nyingi huwaponyoka.

Mshairi Hesiod anawataja katika beti chache zilizosalia kwa sababu tu Strabo, mwanajiografia wa baadaye, alizinakili. Anasema masatiri ni ndugu wa nimfa wa milimani, kisha bila kupoteza muda anawaita kizazi kisichofaa kitu, kisichoweza kazi. Wagiriki walikuwa na mashujaa kibao wa kuwasifu. Hawa waliwahifadhi kwa ajili ya kuwacheka, na nadhani kwa ajili ya kujicheka wenyewe.

Jina lenyewe lina kichekesho kwa Mswahili. Sisi tuna kitenzi "kusitiri", kilichotoka Kiarabu, ambacho hakina undugu wowote na neno hili la Kigiriki. Lakini ukitazama vyombo vya udongo vya Athens utaona kwamba satiri hasitiri chochote: yuko uchi, na uume umesimama, awe anacheza, anabeba mtungi au amekaa tu.

Si ndiye yule mwenye miguu ya mbuzi?

Siyo, angalau si kwa Wagiriki wa kale. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wengi zaidi, na halishangazi, kwa kuwa wachoraji wa Ulaya wa karne za baadaye walizoea kumchora na kwato za mbuzi na pembe. Satiri wa kwanza alikuwa na asili ya farasi: mkia mrefu wa farasi, masikio ya farasi, na wakati mwingine miguu ya farasi kuanzia magotini kwenda chini. Sehemu iliyobaki ni ya mtu, tena mtu asiye mzuri wa sura: pua bapa, ndevu nyingi, upara unaokuja.

Ushahidi mzuri uko kwenye bakuli kubwa la kuchanganyia mvinyo linaloitwa François, lililotengenezwa Athens karibu na mwaka 570 KK. Mfinyanzi Ergotimos na mchoraji Kleitias waliliandika majina yao. Katika safu moja Dionysos anamrudisha Hephaistos, mungu mhunzi, mbinguni. Hephaistos alikuwa amemtumia mama yake Hera kiti cha enzi chenye mtego, Hera akakaa, akanasa. Hakuna mungu aliyeweza kumshawishi mhunzi arudi kumfungua, ila Dionysos aliyemlewesha na kumpandisha kwenye mnyama. Nyuma yao wanafuata watatu wenye miguu ya farasi: mmoja amebeba kiriba, mmoja anapuliza zumari, mmoja amembeba nimfa. Pembeni yao pameandikwa "silenoi".

Bakuli hilo lilichimbuliwa karibu na Chiusi, Italia, mwaka 1844, likiwa vipande vipande. Likaunganishwa, likawekwa makumbusho ya Florence, na mwaka 1900 mlinzi mmoja aliyepandwa na hasira akalirushia kigoda. Vikahesabiwa vipande 638. Likaunganishwa tena. Nikiliona kwenye picha huwa nafikiri kwamba hasira ile ingewafurahisha sana wale watatu wenye mikia.

Basi umbuzi ulitoka wapi?

Kwa Pan. Huyu ni mungu kamili, mwana wa Hermes kwa simulizi zilizo nyingi, mlinzi wa mifugo kutoka Arkadia, nchi ya milima kusini mwa Ugiriki, na ndiye mwenye pembe na miguu ya beberu tangu mwanzo. Waathens walianza kumheshimu rasmi baada ya vita vya Marathon vya mwaka 490 KK. Mwanahistoria Herodotus anasema mkimbiaji wao alikutana naye mlimani, na Pan akamuuliza kwa nini Waathens hawamjali ilhali amewasaidia mara nyingi. Walimpa pango chini ya Akropolis, kilima chao kitakatifu.

Baada ya enzi za Alexander, mfalme wa Makedonia, wasanii walianza kuchanganya. Satiri akapewa mkia mfupi na vijipembe, na sura yake ikalainika hadi akawa kijana mrembo. Waroma nao walikuwa na Fauni wao, roho wa mashamba na misitu, wakamlinganisha na satiri moja kwa moja. Ndiyo maana sanamu nyingi zinazoitwa "Fauni" makumbushoni ni satiri wa Kigiriki aliyebatizwa jina la Kiroma.

Satiri na Silenos wana tofauti gani?

Mwanzoni huenda yalikuwa majina mawili ya kiumbe yuleyule. Taratibu Silenos akawa mmoja: mzee mnene, mwenye upara, mlevi kupindukia, anayepanda punda kwa kuwa miguu haimbebi tena, na masatiri wakawa watoto wake. Ndiye aliyemlea Dionysos utotoni. Ni mlezi wa ajabu, lakini ukikumbuka kwamba mtoto mwenyewe alimaliziwa ujauzito ndani ya paja la Zeus baada ya mama yake Semele kuteketezwa na radi, mlezi mlevi ni jambo dogo.

Mzee huyu ana upande wa pili. Katika Karamu, kitabu cha Plato, mwanasiasa Alcibiades anamfananisha mwanafalsafa Socrates na vile visanamu vya Silenos vilivyouzwa na mafundi: nje kinyago chenye pua bapa, ukikifungua ndani unakuta sanamu za miungu. Socrates hakuwa mzuri wa sura, na kila aliyekuwa mezani alielewa utani. Lakini ilikuwa sifa.

Ni kweli Silenos alitekwa na Mfalme Midas?

Kisa hiki kilipendwa mno, na kila mtu alikiweka kwao. Herodotus anakiweka Makedonia, kwenye bustani za Midas chini ya mlima Bermion, ambako waridi ziliota zenyewe, kila moja na petali 60. Xenophon, aliyepita Frigia, katika Uturuki ya leo, na jeshi mwaka 401 KK, anasema alionyeshwa chemchemi kando ya barabara ambayo Midas aliichanganya na mvinyo ili kumnasa. Mtego ni uleule popote: mlevi akija kunywa maji, atakunywa asichokitarajia, atalala, atafungwa.

Alipotekwa, mfalme alimuuliza ni jambo gani lililo bora kuliko yote kwa binadamu. Silenos akanyamaza, akabanwa, mwishowe akacheka na kusema kwamba bora kuliko yote ni kutozaliwa kabisa, na la pili kwa ubora ni kufa mapema. Kwangu mimi hapo ndipo satiri anapoacha kuwa mchezo. Wagiriki wangeweza kumpa maneno hayo nabii au mfalme aliyefiwa. Wakampa mlevi aliyefungwa kamba.

Ovid, mshairi wa Roma, anakisimulia kwa upole zaidi. Wakulima wanamwokota mzee anayepepesuka, Midas anamtambua, anamkirimu siku kumi mchana na usiku, kisha anamrudisha kwa Dionysos. Zawadi yake ni kuchagua lolote, naye anachagua kila akigusacho kiwe dhahabu. Yaliyofuata, mkate ukagoma kulika na yeye akaenda kujiosha katika mto Paktolos, unayajua.

Walikunywa mvinyo namna gani?

Vibaya, na huo ndio ucheshi wenyewe. Mgiriki mstaarabu hakunywa mvinyo mtupu. Aliuchanganya na maji kwenye bakuli kubwa, kwa kawaida maji yakiwa mengi kuliko mvinyo, na mkuu wa karamu ndiye aliyeamua kipimo. Kunywa bila maji lilikuwa jambo la washenzi. Katika Odisei, utenzi wa Homer, kuna mvinyo wa Maron uliokuwa mkali kiasi kwamba kikombe kimoja kilitiwa vipimo 20 vya maji. Huo huo, bila maji, ndio uliomlaza Polyphemos, jitu la jicho moja.

Sasa satiri kwenye vikombe vya karamu anaingiza kichwa kizima mtungini. Mchoro huo ulikuwa kwenye chombo ambacho mwenye nyumba alikishika mkononi mwake mwenyewe huku akijitahidi kukaa wima.

Je, ni majini au mashetani?

Msomaji wa Kiswahili lazima aulize hili. Jibu langu ni kwamba hawaingii vizuri katika chungu chochote kati ya hivyo viwili. Jini hupanda mtu kichwani, hudai, hupungwa. Satiri hampandi mtu. Anayeingia ndani ya watu ni Dionysos mwenyewe, na wanaopandwa ni wanawake waitwao menadi. Satiri hakujengewa mahekalu kama miungu, wala hakuwa na uadui na Mungu kama shetani. Ukimkuta porini, hatari yake ni ya mlevi: atakuibia, atamsumbua mwanamke, kisha ukimkemea atakimbia. Hilo la kuwasumbua wanawake lisifanywe dogo. Katika kisa cha Amymone, binti aliyetumwa kutafuta maji, satiri anamvamia, na ni Poseidon anayemwondoa.

Ushetani ulikuja na Ukristo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka masatiri wakicheza kwenye magofu ya Babeli (Isaya 13:21), mahali ambapo Kiebrania kinataja viumbe wenye manyoya wanaofanana na mbuzi. Na pembe na kwato za shetani wa michoro ya Ulaya zinamkumbusha Pan kila anayezitazama.

Hata hivyo kuna Mkristo wa karne ya 4, Jerome, aliyeandika kitu kizuri. Mtakatifu Antonio, anasema, alipokuwa akipita jangwa la Misri alikutana na kijitu chenye pembe na miguu ya mbuzi, nacho kikampa tende kama ishara ya amani. Kilijitambulisha kuwa ni kiumbe anayekufa kama wengine, kikaomba waombewe kwa Bwana wao wa pamoja.

Menadi ni wake zao?

Hapana. Menadi ni wanawake wa kibinadamu waliochukuliwa na mungu: wamevaa ngozi za wanyama, nywele zimeachwa, mkononi wana fimbo ya thirso iliyofungwa majani nchani. Masatiri wanawatamani, wao hawana habari nao. Kwenye vyombo vingi menadi anamchapa satiri kwa fimbo hiyo, au anamshikia nyoka usoni. Ukisoma jinsi Euripides, mtunzi wa tanzia, anavyosimulia kifo cha Mfalme Pentheus, aliyeraruliwa na menadi, mama yake mwenyewe akiwa mbele, utaelewa kwa nini satiri mwenye akili hukaa mbali. Katika msafara ule wote, wa kuogopwa ni wao.

Igizo la masatiri lilikuwa nini?

Kwenye sikukuu kuu ya Dionysos mjini Athens, kila mshairi aliyeshindana katika tanzia alileta maigizo manne. Matatu yalikuwa ya vilio na damu. La nne lilikuwa igizo la masatiri: kisa kilekile cha mashujaa, lugha ileile ya juu, isipokuwa kundi la waimbaji limevaa vinyago vya pua bapa na vikaptula vyenye mkia nyuma na uume wa ngozi mbele, likiongozwa na Silenos mzee. Pratinas wa Phlius ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi. Si ramsa, kwa sababu ramsa iliwasema wanasiasa wa siku zile. Hili linaiacha tanzia isimame wima, halafu linapitisha walevi katikati yake.

Limesalia moja tu kamili, Kuklops la Euripides. Maharamia wamemteka Dionysos, Silenos na wanawe wametoka baharini kumtafuta, merikebu imewatupa Sicily, na sasa ni watumwa wa Polyphemos, jitu la jicho moja. Wachungaji wa kondoo, wasio na tone la mvinyo! Anafika shujaa Odysseus na kiriba. Silenos anaonja, anauza kondoo wa bwana wake papo hapo, na jitu linapotokea anaapa kwamba wageni ndio walioiba, akiwaapiza wanawe wafe kama anadanganya.

Wakati unafika wa kulitoboa jitu jicho. Masatiri walioimba ujasiri dakika chache zilizopita sasa wanasema wako mbali mno na mlango, wameteguka miguu wakiwa wamesimama tu, macho yamejaa vumbi. Ila wanajua uganga wa Orpheus, yule mwimbaji wa visasili, wimbo utakaokifanya kile kijinga cha moto kiende chenyewe hadi kwenye jicho. Odysseus anawaambia alijua tangu zamani kuwa ndivyo walivyo, basi angalau waimbe. Wanaimba. Kazi inafanywa na wengine, na mwisho wanapanda merikebu pamoja na washindi.

La Sophocles, Wafuata Nyayo, lilipotea hadi mwaka 1912, ilipochapishwa mistari takribani 400 kutoka mafunjo ya Oxyrhynchus, Misri. Masatiri wanafuata nyayo za ng'ombe walioibwa wa Apollo, wakinusa ardhi kama mbwa, kisha sauti inatoka chini ya ardhi na wote wanaanguka kwa woga. Silenos anawatukana kwa uoga wao na kujisifia ushujaa wake wa ujanani. Sauti inarudi, naye anakaribia kukimbia. Sauti yenyewe ni kinubi cha kwanza duniani, kilichotengenezwa na mtoto mchanga Hermes kwa gamba la kobe.

Neno la Kizungu la tashtiti, "satire", limetokana na satiri?

Hapana, ingawa watu waliamini hivyo kwa karne nyingi. Limetoka kwenye neno la Kilatini "satura", sahani iliyojazwa vyakula mchanganyiko. Mwanazuoni Isaac Casaubon alilifafanua mwaka 1605.

Marsyas alikosa nini?

Alipuliza vizuri. Athena alibuni zumari mbili zinazopulizwa pamoja, akaona kwenye maji jinsi mashavu yake yanavyofura, akazitupa. Marsyas, satiri wa Frigia, akaziokota, akajifunza, akapata kiburi cha kumpa changamoto Apollo na kinubi chake. Katika simulizi moja walitoshana nguvu, hadi Apollo alipogeuza kinubi juu chini, akapiga, akamwambia mwenzake afanye hivyo na zumari. Zumari ukiigeuza haitoi sauti. Apollo akamchuna ngozi akiwa hai.

Herodotus anasema ngozi hiyo ilining'inia mjini Kelainai, ulipo leo mji wa Dinar, Uturuki. Sioni haki katika hukumu hii, na nadhani wasimulizi wengi nao hawakuiona: Ovid anaeleza kwamba waliomlilia, wachungaji, nimfa na masatiri wenzake, walitokwa na machozi mengi kiasi cha kuwa mto.

Watu waliamini kweli kwamba wapo?

Wengine, ndiyo. Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliandika kwamba akina Silenos hufa kama watu, kwa kuwa makaburi yao yapo, moja katika nchi ya Waebrania na jingine Pergamon. Plutarch anasimulia kwamba Alexander, alipouzingira mji wa Tiro mwaka 332 KK, aliota satiri anayemchezea kwa mbali na kumkwepa, hadi alipomkamata. Waaguzi wakaligawa neno: "sa Tyros", yaani Tiro ni yako.

Kuna uhusiano wowote na Afrika?

Upo, na ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Herodotus anasema Zeus alimpeleka Dionysos mchanga Nysa, katika Ethiopia, juu ya Misri. Kwa Wagiriki jina Ethiopia lilihusu nchi zote za watu weusi kusini mwa Misri. Mwandishi Mroma Pliny anaeleza kuwa milima ya Atlas huwaka mioto usiku na kujaa vishindo vya masatiri, ngoma na zumari. Philostratus anampeleka mwenye hekima Apollonius katika kijiji cha Ethiopia kinachosumbuliwa na satiri asiyeonekana. Dawa yake ni ya Midas: wakajaza mvinyo kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, mvinyo ukapungua wenyewe, na baadaye wakamkuta amelala pangoni. Apollonius akawakataza wanakijiji wasimpige.

Kisha wakaja wanasayansi. Mwaka 1641 daktari wa Uholanzi Nicolaes Tulp alieleza nyani mkubwa aliyeletwa kutoka Angola na kumpa jina la satiri. Linnaeus naye akampa jina hilo orangutani. Na sokwe mtu? Tangu mwaka 1816 jenasi yake ni Pan. Kwa hiyo sokwe wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ni Pan troglodytes, na bonobo wa Kongo, kusini mwa mto, ni Pan paniscus. Mungu wa wachungaji wa Arkadia amepewa makao yetu bila kuulizwa.

Nikitaka kuwaona leo, niende wapi?

Munich yupo Fauni wa Barberini, amelala chali kwa ulevi, mapaja wazi. Naples yupo yule mdogo wa shaba anayecheza, aliyechimbuliwa Pompeii mwaka 1830, pamoja na chombo cha Pronomos kinachoonyesha waigizaji wa igizo la masatiri wakiwa na vinyago mikononi.

Lakini kama ni mmoja tu, nenda Mazara del Vallo, Sicily. Mwaka 1997 wavuvi wa huko, wakikokota nyavu kati ya kisiwa chao na Tunisia, walivua mguu wa shaba. Mwaka uliofuata, kutoka kina cha mita 500 hivi, nyavu zikaleta kiwiliwili na kichwa: satiri anayezunguka kwa ngoma, nywele zimerushwa nyuma, masikio yamechongoka, macho meupe ya alabasta yakitazama juu. Mikono yote miwili na mguu wa pili bado viko baharini.